Sehemu Zilizokosekana: Kisa cha Msimu wa Pili wa The Promised Neverland

Mwanzoni mwa Juni 2021, siku chache baada ya shule za Uganda kufungwa kwa mara ya pili, mpwa wangu mwenye miaka 14 alichukua flashi yangu, akavaa barakoa, akaenda kwa kijana anayetunakilia filamu karibu na stendi ya boda hapa Busia. Alikwenda kudai haki yake. Tulikuwa tumelipia msimu mzima wa pili wa The Promised Neverland, anime, yaani katuni ya Kijapani, na kwa hesabu yake tulikuwa tumepunjwa. Kati ya sehemu ya nne na ya tano aliona pengo la sehemu tatu au zaidi ambazo hazikuingia kwenye flashi. Unawaacha watoto wanakimbia kutoka kwenye handaki lililovamiwa. Ukifungua sehemu inayofuata, muda mrefu umepita, wanaishi kwenye hekalu bovu, na wanajua kuingia mjini kwa mazimwi na kuiba chakula. Nani aliwafundisha? Lini?

Alirudi baada ya saa nzima, amenuna. Yule kijana alimfungulia kompyuta yake mbele ya wateja akamwonyesha orodha: sehemu 11, zimefuatana, hakuna iliyorukwa. Akamnakilia upya zote bila malipo ili yaishe. Tukafungua. Ni zile zile.

"Shangazi," akaniambia, "basi wao wenyewe ndio waliozikata."

Alikuwa amesema kweli bila kujua ukubwa wake. Tangu siku ile nimeurudia msimu ule mara tatu, nikaisoma manga yake yote, yaani hadithi ya picha ya Kijapani ilikotolewa, na ninataka kukieleza kisa hiki mwanzo hadi mwisho: watoto sita wa ua mmoja walioipenda hadithi kwa moyo wote, na namna hadithi hiyo ilivyowateleza mikononi.

Koo langu kama kipimo

Hapa kwetu, upande wa Uganda wa Busia, Kiswahili ndiyo lugha ya mpakani: ya madereva wa malori, ya wabadilisha fedha, ya wauza samaki. Ndani ya ua wetu kuna Wasamia, kuna Wateso, na kuna wale wawili wa nyumba ya mwisho ambao baba yao ametoka Kongo. Watoto wanapocheza pamoja, wanacheza kwa Kiswahili. Lakini maandishi ya chini ya anime huja kwa Kiingereza, hupita haraka, na wadogo hawayawezi. Kwa hiyo kazi ya kutafsiri ni yangu. Nakaa kando ya laptopu, nasoma, natoa kwa Kiswahili papo hapo, kama wanavyofanya ma-VJ wa vibanda vya video wanapozigeuza filamu za Marekani kuwa za Kiluganda. Ila mimi siongezi chumvi. Kinachosemwa ndicho ninachosema.

Naitaja kazi hii kwa sababu ndiyo iliyonionyesha tatizo lilipo. Wenzangu walitazama kwa macho na masikio. Mimi niliyapitisha maneno yote kinywani mwangu, na kinywa kina namna yake ya kujua hadithi inapopungukiwa.

Msimu wa kwanza tuliutazama likizo ndefu ya Desemba 2019. Ulikuwa umerushwa Japani kuanzia Januari hadi Machi mwaka huo huo, sehemu 12, kazi ya studio ya CloverWorks chini ya mwongozaji Mamoru Kanbe, kutoka kwenye manga iliyoandikwa na Kaiu Shirai na kuchorwa na Posuka Demizu. Kwa asiyeijua: kuna nyumba nzuri iitwayo Grace Field, katikati ya majani mabichi na msitu. Watoto 38 wanaishi humo na mlezi wao Isabella, ambaye wote wanamwita Mama. Wanavaa nguo nyeupe, wana namba shingoni, wanafanya mitihani kila siku, na kila mmoja anangoja siku yake ya kupata wazazi wa kumlea. Usiku mmoja mtoto aitwaye Conny anaondoka, anamsahau sungura wake wa kitambaa. Emma na Norman, wa miaka 11, wanamkimbilia nao hadi getini, mahali walipokatazwa kufika. Ndani ya lori wanamkuta Conny amekufa, ua jekundu limechomekwa kifuani. Nyumba ni shamba, watoto ni mifugo, Mama ndiye mfugaji.

Viumbe wanaowala watoto hao, maandishi ya Kiingereza yanawaita kwa jina ambalo ningeweza kuligeuza kuwa mapepo. Sikufanya hivyo. Pepo kwetu hupanda mtu kichwani, hutolewa kwa maombi. Mla watu katika hadithi za bibi zetu ni zimwi, na zimwi lina njaa, lina nyumba, lina akili. Nilipotamka neno hilo mara ya kwanza, mama yangu, bibi yao watoto, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, aliacha ungo akasogea. Akamtazama Mama Isabella anavyomgusa Emma usoni ukumbini huku akitabasamu, akasema polepole: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Methali hiyo nimeisikia maisha yangu yote, na siku ile ndipo iliponisisimua mwili. Isabella anamjua kila mtoto. Anajua nani anaogopa giza. Ndiyo maana anatisha.

Sasa niseme kilichonitokea mimi kama mtafsiri. Katika msimu ule wa kwanza nilikuwa na muda wa kunywa chai. Dakika nzima zilipita sina la kusema. Kamera ilikwenda nyuma ya mtoto koridoni, saa ya ukutani ikapiga, mlango ukabaki wazi kidogo, na watoto wangu wote sita walikuwa wamebana pumzi. Nilipokuja kuisoma manga, nikaona kwamba kule vichwa vya Emma, Norman na rafiki yao Ray vimejaa mawazo yaliyoandikwa, ukurasa baada ya ukurasa wa hesabu na hofu. Waliotengeneza anime waliyaondoa mengi ya hayo. Walibakiza macho, mikono na nafasi kati ya watu. Kwa hiyo wanaosema msimu wa pili uliharibika kwa sababu haukuifuata manga, mimi sikubaliani nao. Wa kwanza nao haukuifuata neno kwa neno, na pale ulipoiacha ndipo ulipopata nguvu.

Mpwa wangu wakati huo alikuwa darasa la sita, yuko bweni. Alielewa kitu ambacho wadogo hawakukiona: kengele, foleni ya chakula, namba kwenye nguo, geti lenye askari. Kila Mama alipotokea alimwita matroni. Sikumsahihisha. Watoto wengi wa Uganda wamelelewa bwenini, na hofu ya kuvuka geti bila ruhusa wanaijua kabla ya kuijua jiografia.

Sehemu ya 12 ya msimu ule nitaikumbuka daima. Watoto 15 wanavuka korongo kwa kamba na vining'inizio vya nguo. Vile vya kabatini, vya kutundikia mashati! Walijizoesha mbele ya macho yetu kwa sehemu nzima nzima, kwa michezo ya kukimbizana msituni, na hatukujua kwamba lile lilikuwa zoezi. Emma ana kidonda pale palipokuwa sikio lake, alilikata mwenyewe kwa sababu ndani yake mlikuwa na kifaa cha kumfuatilia. Norman hayupo, ameshapelekwa getini kama Conny. Wadogo kabisa wameachwa nyuma pamoja na Phil, wa miaka minne, anayejua kila kitu na anakaa kimya. Mama anafika ukingoni, amechelewa. Anazifungua nywele zake zilizofungwa miaka yote.

Nilinyamaza. Hapakuwa na cha kutafsiri. Mdogo wetu, binti wa miaka mitano, ndiye aliyesema, tena kwa sauti ndogo: "Anawaaga."

Tuliyoyangoja

Mtu hawezi kuelewa huzuni ya msimu wa pili bila kujua tuliungojea vipi. Machi 2020 shule zikafungwa. Mpwa wangu akarudi kutoka bweni na godoro lake kichwani, akakaa nyumbani. Mipaka ikafungwa kwa wasafiri, malori tu yakapita, na sisi tunaoishi kwa kuvuka tukawa hatuvuki. Watoto walicheza Grace Field uani. Mti wa mwembe ukawa ukuta. Msimu wa pili ulikuwa umepangwa Oktoba 2020, ukasogezwa hadi Januari 2021 kwa sababu ya korona. Ukaanza kurushwa mapema Januari. Wiki iliyofuata, jioni ya tarehe 13, intaneti ikazimwa nchi nzima kuelekea uchaguzi wa tarehe 14, ikarudi tarehe 18. Tukaamua kwa pamoja: tusiuonje kipande kipande, tungoje uishe, tuutazame mfululizo kama tulivyoutazama wa kwanza. Walivumilia miezi mitano. Watoto!

Na ulianza vizuri, nisiufiche wema wake. Katika sehemu za mwanzo watoto wanaokolewa msituni na Sonju na Mujika, mazimwi wawili ambao imani yao inawakataza kula watu. Wanamfundisha Emma kuwinda. Analenga ndege kwa mshale, anampata, kisha anaambiwa amchomeke ua kifuani, kama ibada ya kumshukuru mwenyezi kwa riziki. Ua linachanua jekundu. Nilisema maneno machache tu pale. Binti yetu, sasa ana miaka saba, akanishika mkono: "Shangazi, hilo si ndilo la Conny?" Ndilo. Mkono wa Emma umefanya kile kile walichomfanyia Conny, kwa sababu ile ile, njaa. Kama msimu wote ungebaki katika kiwango cha tukio lile, leo nisingekuwa naandika.

Kisha wakafika kwenye handaki la B06-32, mahali alipowaelekeza mtu wa ajabu aitwaye William Minerva. Taa zinawaka, chakula kipo, kuna hata piano. Hakuna mtu. Wanafurahi kidogo, wanavamiwa, wanatoroka wote 15 wakiwa hai. Halafu ndilo lile pengo lililompeleka mpwa wangu kwa mwenye kompyuta.

Mwisho wa sehemu ya tano, Norman anatokea. Yuko hai. Ua mzima ulilipuka kwa shangwe, hata jirani akachungulia kuuliza nani kafunga goli. Nami nililia, sioni aibu kusema. Lakini sehemu ya sita ilipoanza nilianza kuongea, na sikunyamaza. Norman anaeleza alikopelekwa, jinsi walivyomfanyia majaribio, jinsi alivyotoroka, kwa nini mazimwi yakikosa nyama ya binadamu hurudi kuwa wanyama wasio na akili, kwa nini damu ya Mujika ni tofauti, na mpango wake wa kuwaangamiza wote. Anasimama, anaeleza. Wenzake wanasikiliza. Nilitafsiri mpaka sauti ikakauka. Chai yangu ilipoa bila kuguswa. Niligeuka nikaona mmoja anang'oa nyuzi za mkeka, mwingine ametoka kumtazama mbuzi. Wale wale waliokuwa wakibana pumzi kwa ajili ya mlango ulioachwa wazi!

"Mbona siku hizi wanaongea tu?" akauliza mpwa wangu.

Swali lake ndilo uchambuzi wenyewe. Hadithi inaanza kuongea sana inapokuwa na deni. Kila kitu ambacho hatukukiona kikitendeka, lazima mtu asimame atuambie kwamba kilitendeka.

Hesabu ya kilichokatwa

Manga ilianza Agosti 2016, ikaisha Juni 2020, sura 181. Msimu wa kwanza ulichukua sura 37 ukazitandaza kwenye sehemu 12: sura tatu tu kwa kila sehemu. Zilibaki sura 144. Msimu wa pili ulikuwa na sehemu 11, na mwisho wake ni mwisho wa hadithi nzima. Gawanya mwenyewe: sura 13 kwa sehemu moja, kama ungetaka kuzipita zote. Bila shaka hawakuzipita. Waliruka.

Nimesikia utetezi. Kwamba korona iliwabana; ni kweli iliwachelewesha. Kwamba mwenye hadithi alisalitiwa. Lakini Kaiu Shirai mwenyewe alishiriki kuupanga msimu huo. Kwamba studio ilibadilika, maana hiyo ndiyo sababu inayotolewa mara nyingi anime inapoharibika. Lakini studio ni ile ile na mwongozaji ni yule yule. Kila mlango wa kutorokea umefungwa. Tunabaki na kazi yenyewe.

Na kazi yenyewe inaniambia kwamba uamuzi mmoja uliiharibu: kuwafikisha watu mwisho wa safari bila kuwatoza nauli. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Msimu wa kwanza ulikuwa umeinama tangu dakika ya kwanza. Ili wajue ukweli, Conny alikufa. Ili wapate ramani ya mambo, Dada Krone alikufa, adui ambaye tulikuwa tumeanza kumhurumia. Ili watoke, Emma alivunjwa mguu, akakosa sikio, akampoteza Norman, akawaacha wadogo. Kila hatua ina risiti.

Sasa chukua lile handaki. Katika manga si tupu. Ndani yake yupo mwanamume, binadamu wa kwanza wanayemkuta nje ya shamba, jina lake Yuugo. Yeye naye alitoroka shamba utotoni na wenzake. Wenzake waliuawa mahali paitwapo Goldy Pond, uwanja ambamo mazimwi wakubwa huwinda watoto kwa burudani, na yeye akabaki peke yake chini ya ardhi miaka 13. Hataki wageni. Amekuwa mkali, amevunjika. Emma na Ray wanamlazimisha kuwa mwongozaji wao, wanakwenda naye hadi Goldy Pond, na kule wanakuta kwamba mwenzake mmoja, Lucas, yungali hai. Handaki linapovamiwa baadaye katika manga, Yuugo na Lucas wanabaki nyuma ili watoto watoke, wanakufa humo. Uvamizi ni ule ule. Katika anime hauna mtu wa kumlilia, kwa sababu aliyepaswa kulipa amefutwa, yeye pamoja na Goldy Pond yote.

Isabella? Msimu wa pili unamrudisha, anawageukia mabwana zake, anasimama upande wa watoto, na mwisho anavuka nao kwenda dunia ya binadamu. Katika manga naye anawageukia, lakini anakufa akimkinga mtoto kwa mwili wake. Simtakii kifo. Nilipomwona anavuka, hata hivyo, nilimkumbuka Conny, nikawakumbuka wote aliowapeleka getini kwa mkono wake huku wakicheka, nikaona msamaha huu umetolewa na mtu asiyeudai. Mama yangu, aliyetamka ile methali mwaka 2019, alitazama akasema: "Hivi ndivyo tu?" Akarudi jikoni.

Na Emma mwenyewe. Ili afunge ahadi mpya na kuwavusha wenzake, katika manga anatozwa kumbukumbu zake zote za familia yake. Wanamtafuta miaka miwili, wanampata, naye hawakumbuki. Yeye anahisi machozi yanamtoka na hajui kwa nini. Katika anime hakuna deni hilo.

Kuna jambo jingine, nalo lilinikera kuliko yote. Vita vya kuubadilisha ulimwengu wa mazimwi, safari ya Emma, makubaliano, miaka ya kazi: haya yote yako mwishoni mwa sehemu ya 11, kama picha za mnato. Picha inakuja, inakaa, inakwenda. Nyingine inakuja. Muziki unapigwa. Hakuna anayesogea. Binti yetu alinyanyuka akaenda kugusa laptopu.

"Shangazi, imeganda?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia hapana, ndivyo ilivyo. Akarudi kukaa, akaitazama picha inayofuata kama mtu anayetazama albamu ya harusi ambayo hakualikwa. Nikiwaza fedha, muda na vipaji vya watu waliochora ule ukumbi wa Grace Field hadi nikausikia ubaridi wa sakafu yake, naumia. Picha mojamoja kati ya zile ingetosha kuwa msimu.

Wapo watakaosema ni katuni, watoto watasahau. Watoto wa ua wetu hawakusahau. Walichofanya ni kibaya zaidi: waliacha kucheza Grace Field. Sikuwakataza, hakuna aliyewakataza. Mwembe ukarudi kuwa mwembe.

Jioni za karantini

Tarehe 18 Juni nchi ikafungwa kwa siku 42. Saa moja jioni kila mtu ndani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuisoma manga kwenye simu, usiku, bando likiruhusu. Umeme ulipokatika jioni ya pili au ya tatu, laptopu haina chaji, watoto wamelala chali kwenye mkeka wetu, niliwaambia: "Paukwa."

Wakaitika, "Pakawa," bila hamu.

Nikawaambia lile handaki halikuwa tupu.

Sikuwa na picha, sikuwa na muziki, sikuwa na kitu ila taa ya simu iliyogeuzwa chini. Niliwasimulia Yuugo kwa jioni nne. Sikukimbia. Siku ya kwanza nilikaa kwenye ule upweke tu: meza ya watu wengi inayoliwa na mtu mmoja, majina ya wenzake ambayo hayatamki kwa sauti. Wakauliza alikuwa anapika nini. Wakauliza kama alikuwa anaongea peke yake. Niligundua kwamba nasimulia kwa maneno machache kuliko niliyoyatumia kumtafsiri Norman, na hakuna aliyegusa nyuzi za mkeka. Jioni ya nne, handaki lilipovamiwa, Yuugo na Lucas wakabaki nyuma, mpwa wangu aligeukia ukutani. Ana miaka 14, hataki aonekane. Mdogo wa yule Mkongo akauliza kama hakukuwa na mlango mwingine. Nikasema hapakuwa. Akauliza tena asubuhi.

Sisemi haya kujisifu kwa usimulizi. Hadithi ni ya Shirai, na picha ambazo sikuwa nazo ni za Demizu. Nayasema kwa sababu yalinithibitishia kwamba watoto hawakuchoka na Emma. Hawakukua wakamwacha. Walikuwa tayari kumfuata popote, kwa mwendo wowote, ilimradi wapelekwe kweli.

Umeme uliporudi, binti wa miaka saba hakuomba katuni mpya. Aliomba sehemu ya tatu ya msimu wa pili, pale wanapoingia handakini. Nikamfungulia. Alisogea karibu na kioo mpaka pua ikakigusa, watoto wakipita kutoka chumba hadi chumba, wakifungua makabati, wakishangilia chakula. Hakuwatazama wao. Walipofika kwenye meza akanyoosha kidole kwenye kiti.

"Simamisha hapo," akasema. "Alikuwa anakaa hiki, au kile?"